UZI: Deny na denial – maana, matumizi na asili (na kwa nini "he denied to go" ni kosa)

#1 Kalamu Nyekundu

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa neno moja tu la Kiingereza, deny, pamoja na nomino yake denial. Ni neno fupi na kila mtu anadhani analijua, lakini linawaangusha watafsiri na wanafunzi wetu kuliko maneno mengi marefu. Chanzo ni kwamba kamusi ndogo zinaandika "kataa" kisha zinaishia hapo, na kataa ni pana mno.

Deny linafanya kazi ambazo Kiswahili kimezigawia vitenzi vinne. Ukisema habari fulani si kweli, unakanusha: The minister denied the report. Ukisema humjui mtu, au huna uhusiano naye tena, au umeiacha imani uliyokuwa nayo, unakana. Mathayo 26:34 kwa Kiswahili inasema "utanikana mara tatu", na ukijaribu kuweka "utanikanusha" utasikia mwenyewe lilivyochacha. Ukimzuilia mtu kitu anachokihitaji au anachostahili, unamnyima: They denied him food. Ombi likija mbele yako ukasema hapana, umelikataa: The judge denied the application.

Kipimo cha haraka ni kutazama kinachofuata kitenzi. Tuhuma au habari ikifuata, andika kanusha. Mtu peke yake akifuata, kana. Mtu na kitu vikifuatana, nyima. Ombi likifuata, kataa. Kipimo hiki si cha asilimia mia, kwa mfano deny oneself huenda njia mbili: kujikana katika maandiko ya dini, kujinyima katika maisha ya kila siku. Ila kwa kazi nyingi kinatosha.

Wenye asili ya neno waje waongeze nyama.

#2 Shina na Mizizi

Asili yake imenyooka. Kilatini kilikuwa na negare, kusema hapana. Mbele yake ikawekwa de- ya kutia mkazo, ikapatikana denegare, kukataa kata kata. Kifaransa cha kale kikaimeza ile g ya katikati kikabaki na denier, na Kiingereza kikalichukua hilo mnamo mwaka 1300 na kuendelea, enzi ambazo Kifaransa kilikuwa bado lugha ya mahakama na ya wakubwa huko Uingereza. Denial lilikuja baadaye sana, miaka ya 1520, kwa kubandika -al ile ile ya refusal na arrival.

Ukoo wake ni mkubwa. Negative na negate wanaonekana wazi. Renege ni kurudi nyuma kwenye ahadi. Renegade limepita Kihispania, ambako renegado alikuwa mtu aliyeikana dini yake. Negotiate lina "si" hiyo hiyo ya Kilatini, nec, iliyoungana na otium, starehe. Kwa hiyo mazungumzo ya biashara kwa asili ni "kutostarehe", jambo ambalo wafanyabiashara hawatalibishia. Denigrate msiliingize humu. Linafanana kwa sura tu: ndani yake mna niger, yaani eusi, na maana yake ya kwanza ni kupaka weusi.

Kabla ya Wafaransa, Waingereza walikuwa na kitenzi chao, wiðsacan, chenye sacan ndani yake, yaani kugombana au kushindana kwa maneno. Hicho kimekufa. Ndugu yake forsacan amebaki hai kama forsake, ila amehama: zamani alimaanisha kukataa, leo ni kutelekeza. Gainsay nalo ni la kienyeji kabisa, na gain- yake ni ile iliyomo ndani ya against. Siku hizi utalikuta karibu kila mara likiwa na ukanushi mbele yake, kama no one can gainsay it, hakuna awezaye kulipinga.

#3 Mgeni Jukwaani

Naomba ufafanuzi wakuu. "He denied to go" ni kosa kwa nini, wakati "he refused to go" inakubalika? Si zote ni alikataa kwenda?

#4 Kalamu Nyekundu

Kwa Kiswahili ndiyo, mkuu. Kwa Kiingereza hivyo ni vitendo viwili tofauti. Refuse linatazama mbele: jambo halijafanyika na mtu hataki kulifanya. Deny linatazama jambo linalosemwa kwamba limeshatokea au lipo, na mtu anasema si kweli. Chukua mkataba uliopo mezani. He refused to sign: sehemu ya saini iko tupu. He denied signing: saini ipo, ila yeye anasema si yake. Ukikosea hapo, umembadilishia mtu kesi.

Kwa hiyo deny halibebi to na kitenzi. Linabeba -ing, he denied taking the money. Linabeba having, he denied having taken it, pale unapotaka ieleweke kuwa tendo lilitangulia. Linabeba that, he denied that he had taken it. Linabeba nomino tupu, he denied the theft.

Kwa maana ya kunyima, linabeba mtu kisha kitu: they denied her a visa. Ukitaka kugeuza mpangilio, kitu kinatangulia na to inaingia: they denied access to the public. To hiyo ni ya "kwa", si ya kitenzi, na ndiyo inayowachanganya wengi. Katika kauli ya kutendwa mtu ndiye huwa anatangulia, she was denied a visa, na kwa masikio ya wenyewe sentensi hiyo ni ya kawaida kuliko a visa was denied to her.

Kosa jingine ninaloliona sana ni "they denied him from entering". Hiyo from imeazimwa kutoka prevent. Sema they denied him entry, au they prevented him from entering.

Tahajia: y inageuka i kila mahali isipokuwa mbele ya -ing. Denies, denied, denial, undeniable, lakini denying. Na mkazo wa sauti uko kwenye silabi ya pili, di-NAI, di-NAI-ol. Anayesema DE-nai atasikika kama anataja neno jingine.

#5 Nahau Tupu

Hapo kwenye that kuna shimo ambalo Kalamu amelipita kimya kimya.

Sikilizeni Kiswahili cha mazungumzo: "Alikataa kwamba hakuchukua pesa." Msikilizaji wa Kiswahili anaelewa kuwa jamaa anasema hakuchukua. Ile "ha-" ni ya ziada; inarudia kukataa kulikokwisha kusemwa na kitenzi kikuu. Mwandishi makini atasema alikana kuchukua pesa, lakini mitaani na hata kwenye maelezo ya polisi hiyo ya kwanza imejaa tele.

Sasa ipeleke Kiingereza kama ilivyo: He denied that he did not take the money. Kwa Kiingereza sanifu cha leo, mtu huyo anakubali kwamba alichukua. Kukana kumegeuka kukiri, na hakuna neno hata moja lililotafsiriwa vibaya.

Msione aibu, hata Waingereza walikuwa nayo. Katika The Comedy of Errors ya Shakespeare, Luciana anamwambia dada yake Adriana "First he denied you had in him no right", na anachokusudia ni kwamba mume alikana kuwa mke ana haki juu yake. Ile no haifanyi kazi ya kukanusha, inaitikia tu denied. Kiingereza sanifu kiliiacha tabia hiyo. Kifaransa bado kinayo baada ya vitenzi vya hofu: je crains qu'il ne vienne ni nachelea asije akaja. Na tazameni tafsiri hiyo, Kiswahili nacho kimeweka "asije". Ndiyo maana inatutoka kirahisi.

Dawa yake unapotafsiri ni kuacha that kabisa na kutumia -ing. He denied taking. Hapo hakuna nafasi ya "not" kujipenyeza.

#6 Wino wa Sheria

Niongeze la mahakamani, maana huko neno hili lina gharama.

Chini ya kanuni za mashauri ya madai za Uingereza zilizoanza kutumika mwaka 1999, mdaiwa anayejibu madai ana majibu matatu kwa kila dai: kulikubali, kulikana, au kusema hawezi kulikubali wala kulikana na hivyo anamtaka mdai alithibitishe. Akikana, lazima atoe sababu, na kama ana maelezo yake tofauti ya tukio, ayaeleze. Kukana kukavu hakutoshi. Akilinyamazia dai, kwa kawaida huhesabiwa amelikubali. Kanuni ya 8 ya mashauri ya madai ya mahakama za shirikisho za Marekani ina mantiki inayokaribia hiyo: dai lisilokanwa limekubaliwa, isipokuwa kiasi cha fidia, na anayesema hana taarifa za kutosha kulijua dai huhesabiwa amelikana.

Kwa mfasiri maana yake ni hii: "denies" na "does not admit" si kitu kimoja. Ya kwanza ni anakana. Ya pili ni hakubali, na mzigo unabaki kwa mdai athibitishe. Nimeona nyaraka ambamo zote mbili zimeandikwa "anakanusha". Hilo linamlisha mteja maneno ambayo wakili wake aliyakwepa kwa makusudi.

Halafu kuna ugonjwa ambao wanasheria wa Kiingereza wanauita negative pregnant, kwa Kiswahili tungesema kanusho lenye mimba. Dai linasema: mdaiwa alipokea dola 5,000 siku ya Jumatatu. Mdaiwa anajibu: nakana kwamba nilipokea dola 5,000 siku ya Jumatatu. Amekana nini hasa? Huenda alipokea 4,900. Huenda alipokea Jumanne. Kanusho limebeba ukiri tumboni. Anayekana vizuri anavunja dai vipande: hakupokea kiasi hicho wala kiasi kingine chochote, si siku hiyo wala siku nyingine. Ukisoma taarifa za msemaji wa taasisi yoyote kwa jicho hilo, utaona mimba nyingi.

#7 Nahau Tupu

Na hao wasemaji wana istilahi zao. Non-denial denial lilivuma Marekani wakati wa kashfa ya Watergate, miaka ya 1970. Ni kauli yenye ukali wote wa kukanusha lakini hakuna ilichokanusha. "Habari hiyo ni ya kizushi na ya kudhalilisha" haisemi kwamba si kweli.

"Neither confirm nor deny" nayo ina kisa chake. Manowari ya Kisovieti K-129 ilizama mwaka 1968 katika Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1974 CIA ilijaribu kuiinua kwa kutumia meli iitwayo Hughes Glomar Explorer. Waandishi walipodai nyaraka kwa sheria ya uhuru wa taarifa, CIA ilijibu kwamba haiwezi kuthibitisha wala kukanusha kuwapo kwa nyaraka hizo. Kesi ilifika mahakama ya rufaa mwaka 1976, na tangu hapo jibu la aina hiyo linaitwa Glomar response. Mwaka 2014 CIA yenyewe ilifungua ukurasa wake wa Twitter kwa kusema haiwezi kuthibitisha wala kukanusha kwamba huo ni ujumbe wake wa kwanza.

Plausible deniability ni jambo tofauti. Hapo mambo yanapangwa mapema, kabla ya tendo, ili mkubwa akija kuulizwa aweze kukana na akaaminika. Agizo la Baraza la Usalama wa Taifa la Marekani, NSC 10/2 la Juni 1948, lilitaka operesheni za siri zipangwe kwa namna ambayo serikali, zikifichuka, ingeweza "plausibly disclaim any responsibility". Angalieni kitenzi kilichotumika: disclaim, kujivua. Deniability ndilo lililokuja kushika.

#8 Dawa na Lugha

Kwenye vyeti vya hospitali deny lina maana ambayo kamusi nyingi hazina. "Patient denies chest pain, denies smoking." Daktari hamtuhumu mtu uongo. Aliuliza, mgonjwa akajibu hana au hafanyi, basi. Ukiandika "mgonjwa anakana kuvuta sigara" kwa Kiswahili, umemweka kizimbani. Andika: hana maumivu ya kifua kwa maelezo yake, havuti sigara. Hata madaktari wa Kiingereza wenyewe wapo wanaolipiga vita neno hili, wakitaka waandike tu "reports no chest pain", na kwa maoni yangu wana hoja.

Denial ya kisaikolojia ni habari nyingine. Sigmund Freud, mwanzilishi wa tiba ya uchambuzi wa nafsi, alitumia maneno mawili ya Kijerumani. Verneinung ni pale mtu anaposema "huyo niliyemwota si mama yangu" kabla hata hajaulizwa, na aliliandikia makala mwaka 1925. Verleugnung ni kukataa kuuona uhalisia wenyewe. Tafsiri kuu ya Kiingereza ya kazi zake iliyaita negation na disavowal ili yasichanganywe, kwa hiyo denial halikupewa hata moja. Aliyelitia nguvu ni binti yake Anna Freud katika kitabu chake cha mwaka 1936 kuhusu mbinu ambazo nafsi hutumia kujikinga; humo denial lina sura zake. Kisha daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross akaliweka la kwanza kati ya hatua tano za kukabili kifo mwaka 1969, na tangu hapo likawa neno la kila mtu. Watu husahau kwamba alikuwa akieleza wagonjwa wanaokabili kifo chao wenyewe. Wafiwa waliingizwa baadaye.

Kwa tafsiri, "he is in denial" isiwe "yuko katika kukanusha". Sema hajakubali hali, au anajidanganya, kulingana na ukali wa muktadha.

Na tofauti moja ambayo hairuhusiwi kupotea: mgonjwa wa kiharusi aliyepooza mkono wa kushoto akasema mkono hauna tatizo huenda hayuko in denial hata kidogo. Ubongo wake haupokei habari ya kupooza. Hali hiyo inaitwa anosognosia, jina alilolitoa daktari wa neva Babinski mwaka 1914. Anayejikinga na habari mbaya unaweza kuzungumza naye taratibu. Huyu wa pili hata umwonyeshe mkono, haisaidii.

#9 Mgeni Jukwaani

Nimeelewa sana. Sasa refute? Kwenye habari nasikia "the company refuted the claims", nami nimekuwa nikiandika "ilikanusha".

#10 Shina na Mizizi

Umeandika alichokusudia mtangazaji, kwa hiyo tafsiri iko salama. Ila kwa wanaolinda lugha, mtangazaji ndiye amekosea. Refute ni kubomoa hoja kwa ushahidi. Kilatini refutare ni kurudisha nyuma. Kampuni ikisema "si kweli", ime-deny. Ikitoa risiti, tarehe na picha zinazoonyesha si kweli, ime-refute. Matumizi ya refute kwa maana ya deny yameenea kiasi kwamba kamusi zinayataja, lakini katika maandishi rasmi msomaji makini atakushusha daraja. Ukikutana nalo, uliza kama kuna ushahidi uliotolewa. Ukiwapo, tumia "ilithibitisha kuwa si kweli" au "iliivunja hoja".

Rebut liko katikati: kujibu hoja kwa hoja, bila kuahidi kwamba umeshinda. Repudiate lina uzito wa kujitenga. Repudium ya Kilatini ilikuwa talaka, na hadi leo mtu hu-repudiate mkataba au deni, yaani anasema halimhusu tena. Disown ni la watu na mali: mzazi kumkana mwana.

#11 Kebo na Seva

Kwa watu wa kompyuta, deny ni la kunyima na kuzuia tu, halina kukanusha. "Permission denied" kwenye Linux ni umenyimwa ruhusa, ni kosa namba 13. Denial of service ni shambulio la kuwanyima watumiaji huduma kwa kuilemea seva. Tafsiri ya "kukanusha huduma" niliyoiona mahali iachwe kabisa. Na kwenye orodha za ruhusa za vifaa vya mtandao vya Cisco, mwisho wa kila orodha kuna deny isiyoandikwa: kisichoruhusiwa wazi kimezuiwa. Wanaoanza hukaa saa nzima wakitafuta mstari unaowazuia, na mstari huo haupo kwenye skrini.

#12 Mgeni Jukwaani

La mwisho wakuu. Mkanushaji ni denier, sawa. Mbona pakiti ya soksi ndefu za kike imeandikwa "40 denier"?

#13 Shina na Mizizi

Yanafanana kwa herufi tu, na hayatamkwi sawa. Mkanushaji ni di-NAI-a. La soksi ni DE-nia, na ni kipimo cha unene wa uzi: uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Mita 9,000 zikiwa na gramu 40, uzi huo ni 40 denier. Limetokana na sarafu ya Kirumi denarius iliyopita Kifaransa. Denarius hiyo hiyo ilipita Kigiriki na Kiarabu ikatufikia sisi kama dinari.